Mlango wa Nyuma wa Gari la Masatu

Bwana Clementi alipiga magoti kwenye vumbi la Mugango na suruali yake safi, akaingiza kichwa chini ya gari la marehemu mume wangu, akanusa mbao kama mtu anayenusa unga kujua kama umevunda.

"Mama, hii ni mvule?"

"Mvule. Na kwenye maungio kuna pamba ya Bunda iliyolowekwa mafuta. Alilijenga kama mtumbwi. Ndiyo kazi aliyoijua."

Akacheka peke yake kwa furaha. Alikuwa anakusanya magari ya zamani huko Arusha, na habari za letu alizisikia msibani Butiama. Nikamuuliza anataka nini kwenye gari ambalo halijanguruma tangu Masatu afariki.

"Ya kiwandani yanafanana kama sare za shule," alisema. "Hili halina pacha. Sisi wa kazi hii tunakosa usingizi kwa kitu kama hiki."

Mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa mchwa. Walishafika kwenye sakafu ya gari, banda lake limelala upande, na masika yanakaribia. Huyu asipolichukua, kazi ya mikono ya Masatu ingegeuka udongo nikiiangalia.

Akazunguka nyuma. Akasimama.

"Mlango wake uko wapi?"

Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni na bati hulioni dukani, Masatu alikuta Pijo imepinduka njia ya Butiama, bodi imekunjamana lakini injini nzima. Wenyewe wakamwachia. Akaitengenezea bodi ya mbao, na nyuma akaweka mlango mrefu, mgonjwa aingie amelala. Wajawazito wangapi aliwafikisha hospitali ya Musoma, hata yeye hakujua.

Halafu nyumba ya jirani yetu Ghati, mjane, ikashika moto. Kuta za udongo zilibaki, mlango ukawa majivu. Mbao hakuna, fisi wapo. Masatu alichukua bisibisi. Alifungua mlango wa gari pamoja na kitasa chake, akaupachika kwa Ghati kabla jua halijazama. Sisi tukabaki na turubai. Tangu hapo watu wakipita kwa Ghati walikuwa wanapiga kelele, "Konda, shusha hapo!"

Nilimweleza Bwana Clementi yote hayo. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Bila mlango wake wa asili, Mama, halijakamilika. Sijui kama naweza kulichukua."

Lakini maneno yalishavuka ua, maana mara tukamwona Ghati anakuja, mlango uko kichwani, shingo inatetemeka.

"Mama Eufrasia, pokea. Ulikuwaga wenu huu."

"Na wewe utalala wazi?"

"Fisi watanila nini mimi? Mifupa hii?"

Bwana Clementi alimtua. Akapitisha kiganja pale karibu na kitasa, mahali ambapo mkono wa Ghati ulikuwa umelainisha mbao miaka yote hiyo. Kisha akaubeba mwenyewe, akaurudisha kwa Ghati, akaupachika. Akaufunga. *Kta!* Akaufungua, akaufunga tena, kama mtu anayesikiliza saa.

"Ubaki," alisema. "Umefika ulikokuwa unakwenda." Akanigeukia. "Mvule wa mlango mwingine nitaleta. Ila nani amebaki wa kujenga hivi?"

Binti yangu Eufrasia, aliyemshikia baba yake nyundo mpaka mwisho, alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua macho.

"Mimi."

"Haya sasa," Ghati akasema, "konda tunaye."

Gari liliondoka kabla ya masika, juu ya lori, na mlango mpya wenye pamba ya Bunda kwenye maungio. Dereva wa lori alilifunika vizuri bila kuambiwa. Baadaye watu wa kisiwa cha Rukuba wakaanza kumwita Eufrasia awatengenezee mitumbwi yao, na banda likapata nguzo mpya, likajaa harufu ya mbao.

Mpaka leo, jioni Ghati akifunga mlango wake, nasikia ile *kta*. Nami hugeuka kidogo, kuangalia nani ameshuka.