Koti Moja, Wagombea Tisa

Jumanne, saa 2:15 asubuhi, karatasi tisa za wagombea wa uchaguzi wa kijiji zilikuwa zimebandikwa Kiranjeranje, na wagombea wote tisa walikuwa wamevaa koti moja. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha kahawia. Vingine vilikuwa vyeusi.

Sauda alikijua kifungo hicho kwa sababu alikishona mwenyewe. Koti lilikuwa la baba yake, Mwalimu Abdurahmani. Sauda alilipiga picha alipokuwa mfanyakazi wa studio ya Hussen, ili wateja wasio na suti wabandikiwe kwenye picha za pasipoti. Baba aliruhusu. Alipofariki, Sauda aliomba picha ile ifutwe. Hussen alimjibu mbele ya wateja: "Kwani marehemu anasikia baridi?" Wiki iliyofuata alimwachisha kazi, akaanza kusema koti kalichora yeye kwenye kompyuta.

Sauda alitaka mambo mawili. Watu waone, na Hussen alifute kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa na picha halisi ya koti na kompyuta kuukuu ya Linux, yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Stella, mwenye duka linalotazamana na studio ya Hussen, alikaa pembeni yake akibangua korosho za kuchoma.

"Hizo programu za picha si zote za bure? Chukua yoyote."

"Bure ndiyo, dada Stella. Ila kazi zake si moja."

Alijaribu programu tatu. Inkscape ni ya kuchora mistari na maumbo. Kwa picha ya kamera haikuwa mahali pake. Krita ilikuwa na kila alichohitaji, lakini kompyuta yake haikuimudu. GIMP ilifunguka taratibu, ikabeba picha zote kumi tabaka juu ya tabaka, na ilikuwa na namna ya kulinganisha tabaka mbili: panapofanana panakuwa peusi, panapotofautiana panabaki.

"Hii," alisema.

Picha za wagombea alizitoa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ambako Hussen mwenyewe alizituma. Alizipanga moja moja kwa kufuata kifungo cha kahawia. Saa 7:40 mchana makoti yote tisa yalikuwa yamezama kwenye weusi. Zilibaki nyuso tisa na tai tisa, kwa sababu Hussen alikuwa akibadilisha rangi ya tai tu.

Stella alicheka mpaka korosho zikamwagika. "Yesu na Maria! Valerian kabaki kichwa na tai, kama mbuzi wa mnadani na kamba yake!"

Jumatano saa 3:00 asubuhi, karatasi kubwa ilikuwa kwenye ukuta wa duka la Stella. Juu kulikuwa na nyuso tisa. Chini, Mwalimu Abdurahmani mwenyewe ndani ya koti lake, na maneno haya: "Koti hili ni la marehemu. Hussen hakulichora."

Valerian, mgombea wa kwanza kufika, aliisogelea, akaisoma mpaka chini.

"Mzee Valerian, vua basi, la watu hilo!" mtu alipaza sauti nyuma yake.

Valerian alivuka barabara mpaka mlangoni kwa Hussen. "Umenivika koti la maiti, na hukuniambia?"

Hadi saa 8:00 mchana, wagombea sita walikuwa wamepigwa picha upya kwa Sauda. Wanne walivaa kanzu, wawili mashati yao.

Saa 9:20 Hussen alifika kwa Sauda.

"Shikamoo," alisema Sauda.

"Marahaba. Mdogo wangu, umenimaliza. Kaibandue ile karatasi."

"Leta kompyuta yako."

Aliileta. Sauda alisimama nyuma yake alipolifuta faili la koti, alipofuta nakala kwenye flashi, na alipomwaga pipa la taka.

"Haya. Nimefuta. Kabandue."

"Sikusema nitabandua."

Saa 11:05 jioni Stella alifunga duka. Karatasi ilikuwa bado ukutani, na pembe zake zote nne zilikuwa zimeongezwa gundi.