Ndoo ya Tatu

Mtaa mzima hakuna aliyemzidi Bi Ndoo kwa kilimo. Shamba lenyewe lilikuwa matuta matatu nyuma ya nyumba, kila moja urefu wa kitanda cha mtoto, na nusu ya mboga zake ziliishia kwa konokono walionenepa kuliko mwenye shamba. Lakini udongo! Ulikuwa mweusi, laini, na siri yake ilikuwa ndoo.

Zilikuwa ndoo za rangi, za lita ishirini, zilizotupwa na mafundi. Alizikata kitako, akazitoboa ubavuni kwa msumari wa moto, akazizika moja katikati ya kila tuta, ikabaki shingo tu juu. Humo alitia maganda ya jikoni, akayalaza chini ya majani makavu, akafunika. Nyungunyungu, wale minyoo wa udongo, walipenya kwenye matundu, wakala wakashiba, wakaenda kunya kwenye mizizi ya mboga. Mbolea ilijipeleka yenyewe.

Nyungunyungu waliingia na kutoka watakavyo. Bi Ndoo hakutoka.

Miezi miwili nyuma aliteleza akatumbukia mtaroni, akakaa humo saa nzima akiwasalimia wapita njia kwa kuona haya kuomba msaada, mpaka mwuza mkaa akagundua kwamba bibi hakukaa pale kupunga upepo. Tangu siku hiyo mwanawe, fundi umeme, alifunga geti kwa kufuli kila asubuhi, yeye na mkewe wakaenda kazini. Kutoka mlango wa jikoni hadi getini zilikuwa hatua kumi na tisa. Bi Ndoo alizijua hatua hizo kuliko alivyomjua marehemu mumewe.

"Ndege wa tunduni naye hulishwa," alimwambia mkwewe siku moja.

"Lakini Mama, si nakuachia chai kwenye chupa?"

"Ndiyo hiyo nasema."

Mwanawe alikuwa amekwisha kuona nyumba nyingine, ghorofa ya nne, vigae mpaka kibarazani. "Nikijua umetoka peke yako hata mara moja, Mama, tunahama. Huko hakuna mtaro."

"Na udongo?"

"Utapanda kwenye kopo."

Bi Ndoo akatulia. Angetulia hivyo hivyo, kama si ndoo ya tatu. Watu watatu hawana maganda ya kushibisha ndoo tatu, hasa mkwe akiwa mtu wa kumenya karoti mpaka ganda lake unaweza kuchungulia ng'ambo. Asubuhi moja alifunua ndoo hiyo akakuta patupu. Hakuna ganda, hakuna mnyoo. Hata minyoo wamehama, akawaza, nimebaki mimi.

Nyuma ya uzio wa mabati mashine ya Mama Juisi, jirani muuza juisi, ilikuwa ikinguruma. Bati la mwisho lilishikwa kwa waya tu. Bi Ndoo alichukua mpini wa kijiko, akaulegeza waya, akapita kiubavu, akibana tumbo alilokuwa nalo na lile alilowahi kuwa nalo.

"Heee! Nani kakufungulia?" Mama Juisi akashangaa.

"Nimejipa likizo. Nipe maganda, usinipe maswali."

"Na mwanao je?"

"Mwanangu ni fundi umeme. Haamini kitu mpaka kimpige shoti."

Maganda yangechukuliwa kwa dakika mbili. Bi Ndoo alikaa juu ya kreti mpaka kivuli kikamhama, glasi mkononi, akiwatazama watu wasiomjua wakipita kwenda asikokujua yeye. Watatu walimwamkia. Alirudi na mfuko wa maganda ya nanasi na tikiti maji, akaijaza ndoo, akafunika, akaweka jiwe juu panya wasije wakajialika.

Jioni mwanawe alirudi mapema, uso umekunjuka. Akachutama kando ya tuta.

"Mwenye ile ghorofa anataka jibu leo. Nimefikiri, kama Mama ametulia hapa, nimhamishe ya nini? Hujatoka, sivyo?"

"Nitoke niende wapi, baba, na mguu huu?"

"Basi nampigia namwambia hapana." Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya maganda ya karoti. "Leo minyoo wako nawalisha mimi."

"Acha, baba, utachafuka!"

Lakini jiwe lilikuwa limekwisha kuondoka, na kifuniko nacho. Alisukuma majani kwa kidole. Akainua ganda la nanasi.

"Mama, sisi nanasi tulikula lini?"

"Si huyo Mama Juisi! Anarusha takataka zake juu ya uzio, mwanamke hana adabu."

"Zikaangukia ndani ya ndoo?"

"Ana shabaha."

"Zikajifunika majani. Kifuniko kikajirudisha. Na jiwe hili likapanda juu kwa miguu yake."

Bi Ndoo alilitazama jiwe kana kwamba yeye pia alikuwa anangoja maelezo yake. Mwanawe hakucheka. Alijifuta mkono kwenye suruali, akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mwenye ghorofa.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bi Ndoo. "Ngoja kwanza nikudanganye vizuri."