Pikapu ya Delmira na Mrija Mmoja

Delmira aliweka chupa ya maji juu ya paa la pikapu ya marehemu, kila apitaye ajue inauzwa. Gari bado jipya. Mumewe aliliendesha miezi michache tu, tena kwenda kanisani na kwa kinyozi. Ilikuwa lazima liuzwe leo. Basi la jioni lilikuwa linamleta shemeji yake, Anacleto, aliyetangaza matangani kwamba gari la kaka ni lake, mjane hana neno.

Akaja mnunuzi mmoja tu: Eleuterio, mchuuzi wa nguruwe, harufu yake imemtangulia. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakilamba.

"Oili tamu hii, mama."

"Ungesema mapema nikuletee mkate uchovyee."

Eleuterio akacheka. Meno matatu yakajitokeza, tumbaku imeganda katikati.

Wakaketi barazani. Biashara haifungwi bila chai chungu ya kibuyu, na kibuyu ni kimoja, mrija mmoja. Delmira akatangulia kunywa, akajaza, akampa. Jamaa akafyonza hadi mrija ukakoroma. Alipourudisha, uzi wa ute wa kahawia ulitoka nao mdomoni, ukanyooka, ukakatika, ukamwangukia Delmira mapajani. Akajaza tena haraka, akamrudishia.

"Aa, zamu yako, mama."

"Tumbo limejaa, baba."

Eleuterio akakunja uso. "Asiyekunywa baada yangu ananificha kitu. Gari limelala mafurikoni hili, siyo?"

"Hata tope halilijui!"

"Basi kunywa. Au nanuka?"

"Nani kasema? Wewe waridi tupu."

Delmira akatazama barabara. Akamwona Anacleto kama yupo pale, kakalia usukani, kitambi mbele. Akafumba macho, akafyonza. Uvuguvugu, tumbaku, kitunguu, na kitu kingine laini ambacho hakutaka kukijua. Akameza kwa msaada wa watakatifu wote.

"Sasa tunaelewana," akasema Eleuterio. Akatemea kiganja, akampa mkono.

Pikapu ilipotoka langoni, Delmira alikuwa ameshafika bombani. Akasugua mdomo kwa sabuni ya kufulia, akatema, akasugua, akatema, hadi kuku wakahama ua. Mrija akautupa chooni. Anacleto alimkuta angali na povu kidevuni.

"Shemeji, gari liko wapi?"

"Limeenda kupakia nguruwe," akasema Delmira. "Kimbia, labda watasogea upate nafasi."

Akatema tena.