Simu ya Ijumaa ya Bi Inshirah

Bi Inshirah wa ghorofa ya tatu alikuwa na mtoto mmoja tu, Ragai, fundi viyoyozi huko Kuwait, aliyempigia simu ya mezani kila Ijumaa baada ya sala. Intaneti yetu ilipita kwenye waya huohuo wa simu, nasi majirani tukaivuta kupitia madirishani, kama mtaa wetu mzima wa Shubra ufanyavyo. Shida ni kwamba Ragai akipiga, sote tunakatikiwa.

Sababu tuliijua. Fundi wa simu aliweka kijisanduku cha kutenganisha sauti na intaneti, Bi Inshirah akaking'oa.

"Kinamla mwanangu sauti," alisema. "Tangu mlipokiweka namsikia kama yuko kisimani."

"Bila hicho simu inavuma kama mzinga wa nyuki, bibie!" nikamjibu.

"Na ivume, Mama Nesma. Kuwait ni mbali."

Mkaidi yule! Nampenda, lakini Nesma wangu alikuwa na usaili wa kazi kwa intaneti, Ijumaa, saa ileile apigapo Ragai. Nikapanda na sahani ya keki tamu ya basbusa. Nikambembeleza, nikamtania, mwisho nikalia machozi ya kweli. Akakubali kijisanduku kirudishwe kwa siku moja, nami nikakaa kwake kumlinda asikichomoe.

Simu ikalia. Chini, sauti ya Nesma ikaendelea bila kukatika, nikamshukuru Mungu.

"Ragai, kipenzi changu..." Bi Inshirah akaukaza mkono wa simu sikioni.

Mvumo haukuwepo tena. Sauti ya Ragai ilikuwa dhaifu vilevile, na sasa pumzi ilisikika ikivutwa kwa taabu kila baada ya neno. Hata mimi, niliyekaa pembeni, nilisikia kikohozi, na mwanamke nyuma yake akimwita daktari.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Uko wapi?"

Akakohoa tena. "Wodini, mama. Tangu Ramadhani. Sikutaka uhangaike."

Miezi yote hiyo tulikuwa tukigombana juu ya kijisanduku! Bi Inshirah alipokata simu nikanyoosha mkono nikichomoe kijisanduku asiisikie tena pumzi ile, nikidhani nampunguzia uchungu. Akanipiga kofi mkononi.

"Kiache! Mwambie Nesma akimaliza maswali yake anitafutie ndege ya Kuwait humohumo kwenye intaneti yenu. Ya leo."