Shamba Lisilojua Kitunguu

Haya yote ni kweli tupu, na kama kuna neno moja la uongo ndani yake, basi kalamu hii ikaukiwe wino hapa hapa. Haijakauka, kwa hiyo tuendelee.

Palikuwa na msoma mita za maji mstaafu, watu wakimwita Mzee Chumvi kwa jinsi alivyoikoleza kila habari. Alikuwa na kishamba cha eka mbili, kimepakana na cha dada yake mkubwa, mjane asiyependa maneno mengi. Mashamba yote mawili hayakuwa na maji. Miaka thelathini mtu anasoma mita za wenzake, halafu kwake hakuna hata tone: hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu.

Ndipo ikaja kampuni ya matunguu ya maua. Haikuuza maua yenyewe. Ilikuza yale mafundo ya chini ya ardhi ambayo maua huchipukia, ikayakausha na kuyasafirisha. Kila baada ya misimu miwili ilihama, maana matunguu huchosha udongo, na kila ilipokodi shamba ilichimba kisima, nacho kikabaki mali ya mwenye shamba. Sharti lilikuwa moja: kwa miaka sita pasiwe pamepandwa kitunguu cha kula, kwa sababu minyoo inayojificha kwenye kitunguu huhamia kwenye matunguu na kuyamaliza.

Mzee Chumvi alikuwa amevuna vitunguu mwaka jana tu, magunia tisa.

Basi bwana shamba wa kampuni alipomwachia mfuko wa nailoni ajaze udongo wa kupimwa, mzee aliruka mtaro wa mpakani, akaujaza kwa dada yake, ambako hakujawahi kuota kitu ila mahindi. Fomu ilipomuuliza historia ya shamba, akaandika kurasa mbili na nusu. Kwa mujibu wa kurasa hizo, ukoo wake mzima haukupatana na kitunguu. Babu yake akikinusa tu, alipiga chafya mpaka majirani wakafunga madirisha.

Majibu yakarudi: udongo safi, hauna minyoo. Bwana shamba akaja na mkataba, na dada mtu akavuka mtaro, kwani kampuni ilitaka sahihi ya jirani. Wakatembea shambani wote watatu. Walipofika katikati, bwana shamba akainama, akang'oa jani la kijani. Chini yake kikaning'inia kitunguu chekundu.

"Na hiki, mzee?"

"Ndege hao, mwanangu. Wanakula mbegu za watu huko, wanakuja kuzitua kwangu."

Bwana shamba akatazama mbele. Majani yalikuwa yamejichipukia kwa mstari ulionyooka mpaka mwisho wa shamba.

"Ndege wa huku wanapanda kwa kamba?"

"Wamezoea kukaa karibu na shule," mzee akasema, hata kope haikumcheza.

Bwana shamba akajikaza asicheke, akafunua karatasi ya maabara. Iliandikwa kwamba udongo ule ulikuwa umejaa vipande vya makaa. Akauliza makaa hayo yako wapi, mbona hayaoni. Mzee akafungua mdomo, na bila shaka ilikuwa inakuja habari nzuri ya radi, ila dada akamtangulia.

"Makaa ni ya kwangu. Marehemu alichomea mkaa pale miaka yote ya ndoa yetu." Akamgeukia ndugu yake. "Mdogo wangu, umeniibia udongo?"

"Nimeuazima, dada."

Mkataba ukaandikwa upya kwa jina la dada, na kisima kikahamia upande wake. Lakini bwana shamba aliongeza kwamba hata kwa jirani, hatua mia kutoka mpakani, pasibaki kitunguu kilicho hai. Hatua mia zililimeza shamba zima la mzee. Jembe halifai, akasema. Hukikata na kukiacha ardhini. Ni kung'oa kwa mkono, na baada ya wiki mbili angerudi kukagua.

"Ving'oke vyote, maji utachota," dada akasema. "Kikibaki kimoja, mimi sina kisima na wewe huna dada."

Mzee akainama mstari wa kwanza siku hiyo hiyo. Dada akaketi juu ya ndoo ng'ambo ya mtaro, akipukuchua mahindi kwenye sinia. Mpita njia wa kwanza aliambiwa na mzee kwamba kampuni imempa kazi ya kutafuta madini. "Rudia mstari," dada akasema bila kuinua macho. Mpaka siku ya tano, kila uongo na mstari wake, alikuwa amerudia mistari mitatu, na goti limevimba.

Siku hiyo akapita fundi cherehani, rafiki yake wa miaka mingi, akauliza kulikoni. Mzee akanyoosha mgongo. Ng'ambo ya mtaro, mahindi yaliacha kulia ndani ya sinia.

"Natoa vitunguu."

"Vya nani?"

"Vyangu. Nilivipanda mwenyewe, nikaandika kwamba sikuvipanda."

Fundi akasubiri, maana kwa kawaida hapo ndipo habari ya Mzee Chumvi huanza kunoga. Mzee akainama, akaendelea kung'oa.