Uwanja wa Upande Mmoja

Tuliposhuka daraja mwaka 1966, watu wa Homa Bay walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Pole ya nini? Timu yetu, Ngege, ilikuwa hai! Niliwaambia wote pale sokoni kwamba ni msimu mmoja tu, tutapanda tena.

Kilichonikera hasa ni uwanja. Ule wa daraja la kwanza watazamaji walikaa pande mbili, mimi huku, mama mkwe wangu Filister kule ng'ambo. Kwetu sisi Wajaluo mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hata kumpa mkono ni aibu. Na Filister hakosi mechi. Sasa daraja la pili likatupeleka Oyugis, kwenye uwanja ambao upande mmoja ni kinamasi kitupu. Sote tukabanana upande uliobaki. Nikashusha kofia hadi machoni, nikawafokea wachezaji kwa sauti ya chini.

Dakika za mwisho mshambuliaji wetu Obunga akafunga bao. Niliruka kama mwendawazimu! Nikamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, nikamwinua juu, tukapiga kelele pamoja. Halafu nikakiona kitambaa cha kichwa ninachokijua.

Nikamweka chini polepole kama kapu la mayai. Watu wote wakatugeukia, hata bao likasahaulika.

Filister akakifunga upya kitambaa chake, macho yake uwanjani.

"Mkwe wangu," akasema, "mwakani lazima turudi daraja la kwanza, hata ikibidi ucheze wewe mwenyewe."