Koki ya Pikipiki ya Padri

Mwaka wa themanini na saba tulikaa Nyalenda, hapa Kisumu, chumba kimoja, watu watatu na pikipiki. Mume wangu Dishon aliogopa wezi, kwa hiyo kila jioni aliisukuma ndani na kuiegemeza karibu na kitanda. Koki yake, kile kifungulio cha petroli chini ya tangi, ilivuja, nasi tukaikingia mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo. Hatua nne kutoka kwenye mkebe huo nilipikia stovu ya mafuta taa, na katikati alilala Lornah wetu wa miezi mitano, akikohoa kwa harufu ya petroli.

Mngeona dawa aliyoipata huyo bwana! Alichukua sabuni yangu ya kufulia, akaifinyanga, akaibandika kwenye koki. Asubuhi alibandika, mchana ikadondoka, jioni akabandika tena. Nepi za mtoto nilifua kwa maji matupu.

"Baba Lornah, peleka kwa fundi pale sokoni Kibuye."

"Fundi? Wale wezi? Watatoa koki orijino waweke ya bandia. Hii ni ya Padri, Min Lornah. Imetoka Holland na yeye."

Aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo alijiona kama aliyeachiwa parokia nzima. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani.

Kikohozi kilipozidi, nilimwambia siku moja atarudi akute majivu, mimi na mtoto tukiwa ndani yake. Sikuwa natania, niliogopa kweli. Hapo akafungua koki, akakata raba kutoka tyubu ya baiskeli, akaipachika. Tone likakoma. Basi akaita majirani waje watazame mkebe mkavu! Nao, bila haya, wakaja kutazama.

Kesho yake alitoka kwenda kazini Ahero. Pikipiki ikazimika njiani tangi likiwa limejaa, akaisukuma juani mpaka nyumbani, akidai petroli ya siku hizi haina nguvu. Akalegeza skrubu za koki ili petroli ipite. Ilipita kweli, mpaka sakafuni, na sabuni ikarudi kazini.

Jumamosi alipokwenda matangani kwa matatu, nilimimina petroli yote kwenye jerikeni, nikaing'oa koki kwa spana yake mwenyewe, nikamfunga Lornah mgongoni, nikaipeleka. Kule Kibuye fundi Wakhisi, mtu wa kwetu Bungoma, aliitazama ile raba akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa imevimba ikaziba matundu yote.

"Dada, raba ya tyubu ikinywa petroli inafura. Nani alikata hii?"

"Jirani," nikasema. Niliona aibu kumtaja mume wangu.

Akanipa raba inayostahimili petroli, akanionyesha kuipanga tundu juu ya tundu. Nilirudi nikaifunga mwenyewe, nikairudisha petroli tangini, kisha nikakaa saa nzima nikiukodolea macho mkebe. Haukupata hata tone. Lornah alilala bila kukohoa, nami nikalia kidogo.

Dishon alirudi na Mzee Joram, mzee wa kanisa letu. Dishon akagusa koki, akanusa kidole, akamgeukia mzee.

"Unaona, Jaduong'? Sabuni ikikaa sana inageuka simiti."

Nikaendelea kukunja nepi. Nilishazoea.

"Hata yangu inavuja," akasema Mzee Joram. "Nikuletee?"

"Lete tu! Itakaa hapa ndani wiki moja, mbili, sabuni ishike."

Nilimtazama mtoto wangu, kisha nikaitazama stovu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

"Mzee, koki nilifungua mimi," nikasema. "Ni raba ya fundi, hakuna sabuni hapo. Yako nitatengeneza mimi, tena huko nje. Pikipiki nyingine haiingii kwa hii nyumba."

Dishon alianza kucheka, akaona anacheka peke yake. Mzee Joram alichuchumaa, akapitisha kidole kuizunguka koki yote, polepole.

"Kweli," akasema. "Hakuna sabuni hapa."

Jumatatu jioni aliileta pikipiki yake, akaisimamisha uani. Dishon akanyoosha mkono. Mzee Joram akampita, akanikabidhi mimi spana. Nami nikamkabidhi Dishon mtoto.